Nyoka Wawili Sanduku Moja? Mimi Nakataa!

Wahenga walinena kuwa umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali hii ndiyo waliyoitumia wenzetu wa chama cha wanyamapori kutetea mpango wao. Wanataka shule iombe kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ili tufuge nyoka wawili wa mchangani katika maabara. Kibali ni lazima, maana sheria ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini kiholela. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni kwamba, kwa kuwa pesa ni chache, wanataka nyoka wote wawili wakae katika sanduku moja la kioo. Ati wakitenganishwa watakuwa wapweke!

Jamani, methali ile ilitungiwa watu. Ya nyoka ni ile isemayo fahali wawili hawakai zizi moja.

Kwanza tumjue nyoka mwenyewe. Ni mfupi, mnene, wa rangi ya machungwa yenye mabaka ya kahawia, na hana sumu. Hupatikana sehemu kame za nchi yetu, akijifukia mchangani kuvizia panya na mijusi. Hapa kwetu wengi hawamjui, lakini Ulaya na Marekani watu humfuga majumbani. Jike humzidi dume kwa ukubwa, tena kwa mbali.

Haya, watie hao wawili pamoja kisha uwatupie panya. Huyu akamate kichwa, yule akamate mkia. Nyoka hatafuni, humeza kizima, na meno yake yamepinda kuelekea ndani, kwa hivyo kuachilia si rahisi. Vinywa vikikutana katikati, mkubwa aweza kuendelea kumeza mpaka akammeza na mwenziwe. Asubuhi tutahesabu nyoka mmoja.

Pili, kuna jambo la joto. Nyoka hajipashi joto mwilini kama sisi. Hulitafuta kwa kuhama kutoka mahali hadi mahali. Ndiyo sababu sanduku lake huwekwa upande wenye joto na upande wa baridi. Mkubwa akipashika upande wa joto, mdogo atabaki baridini, na chakula hakitasagika vizuri tumboni mwake. Wala hatalia. Sisi tutachungulia tuwaone wamelaliana, tuseme, "Tazama wanavyopendana!" Kumbe wanagombania kitanda.

Tatu, maradhi. Tukikuta chakula kimetapikwa, tutajuaje nani mgonjwa? Na utitiri ukimwingia mmoja, basi umewaingia wote.

Dada mmoja wa chama hicho alinijibu kwamba huko Narcisse, jimbo la Manitoba nchini Kanada, nyoka maelfu kwa maelfu hukusanyika pangoni msimu wa baridi. Ni kweli. Tena mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier, huko huko Kanada, walitoa matokeo kuonyesha kwamba nyoka wachanga wa jamii hiyo huchagua wa kukaa nao. Sikatai. Lakini hao ni nyoka wa aina nyingine, na baridi kali ndiyo huwapeleka pangoni. Tena ikifika wakati wa joto, kila mmoja hushika njia yake. Nyoka wetu atashika njia gani, na sanduku limefungwa?

Wengine watasema bila kukaa pamoja hawatazaa. Wafugaji hukutanisha dume na jike kwa siku chache, kisha huwatenganisha. Ndoa hiyo haihitaji nyumba moja.

Sasa pesa. Nyoka huyu haombi jumba. Sanduku dogo la plastiki, lenye kifuniko kinachofunga barabara na matundu ya hewa, lamtosha pamoja na mchanga, bakuli la maji na mahali penye joto. Mawili ya namna hiyo si lazima yashinde bei ya kioo kikubwa. Na kama mfuko wetu wafaa sanduku moja tu, basi tuombe kibali cha nyoka mmoja.

Kiumbe huyu hakutuomba tumlete shuleni. Tukimleta, tumlinde. Naomba kutoa hoja.