CHAKULA CHA SAMAKI KISIPIMWE KWA BEI PEKEE

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipounda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, wananchi wa Unguja na Pemba wamehimizwa kwa nguvu kufuga samaki. Mwito huo ni wa haki, nasi tunauunga mkono. Lakini mfugaji hamalizi kazi kwa kuchimba bwawa. Chakula cha samaki ndicho kinachomeza sehemu kubwa kuliko zote ya gharama zake.

Kwa muda mrefu msingi wa chakula hicho umekuwa unga wa samaki wadogo, wakiwamo dagaa. Dagaa huyo huyo ndiye kitoweo cha mnyonge. Kumsaga ili alishwe samaki ambaye mnyonge hawezi kumnunua ni jambo lisilolingana na haki. Ndiyo maana wafugaji duniani wamegeukia mimea: soya, mashudu ya alizeti na ya pamba, na pumba. Uamuzi huo ni mwema, lakini una masharti yake.

Tuitazame Norwe, nchi inayoongoza duniani kwa kufuga samoni. Mwaka 1990 kiasi cha asilimia 90 ya chakula cha samoni wa huko kilitokana na mazao ya bahari. Kufikia mwaka 2013 kiasi cha asilimia 70 kilitokana na mimea. Mabadiliko hayo hayakuwa mepesi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walionyesha kuwa samoni aliyelishwa unga wa kawaida wa soya huvimba sehemu ya mwisho ya utumbo. Mikunjo inayofyonza chakula hufupika, na sehemu ya alichokula hupotea bure. Lawama kubwa iliiangukia saponini, kitu kilichomo katika soya chenye kutoa povu mfano wa sabuni. Moto huondoa baadhi ya madhara ya soya mbichi, lakini hauiondoi saponini. Hiyo huondolewa kwa kuisafisha soya kwa spiriti, kazi inayotaka kiwanda na fedha. La kutia moyo ni kuwa samaki waliorudishiwa unga wa samaki walipona katika wiki chache.

Kiini cha tatizo ni maumbile. Samoni ni mla nyama, na utumbo wake ni mfupi. Mwatiko na perege hula mwani na mimea midogo ya majini; utumbo wao ni mrefu, na huvumilia mimea zaidi. Hata hivyo, kuvumilia si kutodhurika. Soya isiyopikwa huzuia usagaji wa protini tumboni. Mashudu ya pamba yana gosipoli, ambayo ni sumu inapozidi. Na mashudu yoyote yaliyowekwa penye unyevu huweza kuota ukungu wenye sumukuvu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mipango ya ufugaji Visiwani iwape kipaumbele samaki wala mimea, mwatiko akiwa wa mbele, badala ya kukimbilia wala nyama kwa tamaa ya bei. Pili, kila chakula kijaribiwe katika mabwawa yetu kabla ya kuuzwa kwa wananchi, na jaribio hilo lisiishie kwenye mizani. Samaki wapasuliwe, utumbo wao utazamwe. Kituo cha kutotolea vifaranga cha Beit-el-Ras ni mahali panapofaa kuanzia. Tatu, mabwana samaki watoke maofisini, wawafundishe wafugaji kuchemsha au kukaanga soya na kuhifadhi mashudu pakavu.

Waswahili husema rahisi ghali. Kikundi cha akinamama kilichochimba bwawa kwa majembe na kununua chakula kwa fedha za mkopo hakitajua kuwa utumbo wa samaki wake umevimba. Kitakachoona ni samaki wasiokua, na deni lisilosubiri. Kazi ya kujua mapema ni ya wale waliokabidhiwa dhamana hiyo.