Lubumbashi: Kabla ya kumwaga urea, ng'oa kwanza mche mmoja

Katika bustani za mboga za Lubumbashi, miche ikianza kuwa manjano na kulegea, mara nyingi dawa ni ileile: kuongeza maji, na hali isipobadilika, kununua urea. Desturi hiyo inawapotezea pesa wakulima wadogo, wakiwemo wamama wengi wanaolisha watoto wao kwa kuuza lengalenga, shu na tomate. Manjano ya majani ni kama homa ya mtoto. Muuguzi mzuri hatoi kinini kwa kila homa bila kupima damu.

Kipimo cha kwanza hakina bei: kutazama ni majani gani yameanza. Yakiwa ya chini, yale yaliyozeeka, huenda mche una njaa ya nitrojeni, na hapo urea kidogo au samadi iliyooza vizuri inasaidia. Yakiwa machanga ya juu, huku mishipa yake ikibaki kijani, mche umekosa chuma. Urea haileti chuma.

Kipimo cha pili ni kung'oa mche mmoja. Mizizi ya kahawia, laini na yenye harufu mbaya inaonyesha kwamba maji yamezidi, kwa hiyo kumwagilia tena ni kuumaliza. Shina likiwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo, ni ugonjwa wa ukungu: miche imebanana na kitalu hakikauki. Tomate ikilegea mchana ingali kijani, kata shina lake ulitumbukize katika glasi ya maji safi. Likitoa nyuzi nyeupe kama maziwa, ni bakteria. Mmea huo ung'olewe, na pale pasipandwe tena tomate, biringanya wala pilipili kwa muda mrefu.

Lakini Lubumbashi ina sababu nyingine ambayo vitabu vingi vya kilimo haviitaji. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Upepo wa hapa hutoka sana kusini-mashariki, na kwa miongo mingi ulipeleka moshi na vumbi la kiwanda upande wa kaskazini-magharibi. Kule Penga Penga udongo ulibaki mtupu, hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakajaribu kupanda nyasi zinazovumilia shaba, wakisaidia udongo kwa chokaa na mboji.

Shaba ikizidi katika udongo, mizizi inabaki mifupi na mche unashindwa kuvuta chuma. Majani machanga yanakuwa manjano, na mkulima anamwaga urea. Urea hiyo, ikirudiwa, inaongeza asidi ya udongo, na asidi inafanya shaba iingie kwa wingi zaidi katika mizizi. Ndivyo dawa inavyoongeza ugonjwa. Chokaa na samadi hufanya kinyume: huifunga shaba isiufikie mche kwa urahisi.

Kuna pia hatari isiyoonekana kwa macho. Mboga inaweza kuvuta kadimiamu na kubaki kijani kizuri, na vumbi lenye risasi hukaa juu ya majani yasiyo na dosari yoyote. Kuosha mboga vizuri kunapunguza vumbi, lakini hakutoi kilichoingia ndani ya jani. Hapo jicho la mkulima halitoshi. Inahitajika maabara.

Wengine watasema kwamba mama mwenye matuta 10 hawezi kulipia maabara. Ni kweli, na hapaswi kuilipia. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 25 ya mrabaha wa madini kwa jimbo na asilimia 15 kwa maeneo ya chini yanayochimbwa madini. Sehemu ndogo ya pesa hizo ingetosha kupima udongo na maji ya bustani za mji kabla ya kila msimu, na kutangaza matokeo katika redio kwa Kiswahili. Wataalamu wapo: chuo kikuu kina kitivo cha kilimo, na INERA ina kituo chake Kipopo.

Mnamo Novemba 2025, maji machafu ya kampuni ya madini CDM yalimwagika katika mitaa ya Lubumbashi, na waziri wa madini akasimamisha kazi zake. Adhabu ya namna hiyo haimwambii mkulima kama tuta lake bado linafaa kupandwa. Serikali ya jimbo ndiyo inayopaswa kumpa jibu hilo, likiwa na namba za maabara. Kabla jibu hilo halijafika, mkulima atazame majani, atazame mizizi, na pesa ya urea aiweke kwanza kando.