Kudhibiti Mwendo Si Kumfuatilia Mtu

Mpenzi msomaji, wewe uliye na gari au unayetarajia kuwa nalo, leo nina ugomvi nawe. Juni 2025, faini za kielektroniki zilipoanza kutozwa katika barabara zetu za Uganda, ulipiga kelele hadi serikali ikazisitisha. Ulilalamikia shilingi 200,000 kwa aliyezidisha mwendo kidogo na 600,000 kwa aliyepita kikomo kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Nakuelewa, mshahara wa mwalimu naujua. Lakini mbona vibao vipya vya namba vya kidijitali ulivilalamikia bei tu?

Darasani huwaambia wanafunzi kwamba kudhibiti na kufuatilia ni vitenzi viwili tofauti. Anayedhibiti huzuia tendo. Anayefuatilia huandamana na mtu. Barabarani tumevichanganya, na mkanganyiko huo unatugharimu.

Chukua kidhibiti mwendo. Nimewahi kuketi nyuma ya dereva wa teksi aliyejigamba kuwa fundi amemkatia waya wa kifaa hicho, na abiria wote tukacheka, mimi nikiwemo. Kicheko kile hunitia haya kila nikikikumbuka. Kifaa kile hakikumuuliza dereva atokako wala aendako. Kilimzuia tu asituue. Kukipinga kwa jina la uhuru ni kulitumia vibaya neno uhuru.

Utanijibu kuwa kulipita lori kwahitaji kasi, na mashine ikikuzuia katikati utakutana na basi uso kwa uso. Hoja hiyo ni nzito, na wengine wameitafutia jibu. Tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya sharti liwe na mtambo unaotambua kikomo cha mwendo na kumtahadharisha dereva. Akizidi kukanyaga mafuta, gari humtii yeye. Lina pia kifaa kinachonasa taarifa za muda mfupi kabla ya mgongano, wakati wake na mara baada yake. Sheria yao inakikataza kifaa hicho kuhifadhi chochote kinachomtambulisha mwenye gari. Madereva wa huko bado wananung'unika, na wana haki ya kunung'unika. Ila wanabishana na sheria iliyoandikwa, wanayoweza kuisoma kifungu kwa kifungu.

Sasa rudi kwetu. Wazo la vibao hivi halikuzaliwa na ajali za barabarani. Mwaka 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi, Rais Museveni alitaka magari na pikipiki zote zitambulike kwa njia ya kielektroniki. Mkataba na kampuni ya Urusi ukatiwa sahihi mwaka 2021, na magari ya serikali yakatangulia kufungwa vibao mwaka 2023. Waliouawa walikuwa watu wenye jamaa zao, na kuwasaka wauaji ni wajibu wa dola; hilo silibishi. Ninalobisha ni kuniuzia ulinzi wa upelelezi kwa kisingizio cha usalama wa barabarani. Kibao hakipunguzi mwendo hata kwa kilomita moja. Kinachoweza kukitambua ni gari lililoegeshwa nje ya kanisa, kliniki, au ofisi ya chama cha upinzani.

Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya mwaka 1995 kinalinda faragha ya mtu. Tunayo pia sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Hata hivyo, sheria hiyohiyo huruhusu taarifa zako kukusanywa bila idhini yako pale usalama wa taifa unapohusika, na usalama wa taifa ndio uliovizaa vibao hivi. Umeliona tundu lilipo?

Basi faini ikirudi, ilipe au punguza mwendo. Kwa hilo usitarajie nikutetee. Kelele zako zihifadhi kwa mbunge wako. Atakapofika kijijini, mwulize taarifa za safari zako zinakaa mikononi mwa nani, zinafutwa baada ya siku ngapi, na kama askari anahitaji amri ya mahakama kuzifungua. Mwulize kabla hajaanza kuzungumzia lami.