Kuta za Kijani Dodoma: Tufuate Desturi ya Nchi Kavu

Kwa mtaalamu wa viumbe, ukuta wa nyumba si kizuizi cha upepo tu, ni makao. Wagogo waliojenga tembe kwa miti na udongo waliishi na wapangaji wengi wasioalikwa. Nyigu hufinyanga vyumba vya tope ukutani na kuvijaza buibui waliopoozwa, wawe chakula cha watoto wao. Nyuki wadogo wasiodunga huweka asali katika matundu ya kuta hizo. Lakini katika nyufa zilezile hujificha papasi, ambaye hunyonya damu ya waliolala na kuwaambukiza homa. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1905 na Dutton na Todd huko Kongo, na Robert Koch katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Fundisho ni kwamba ujenzi wa ukuta ndio unaochagua wakazi wake.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, saruji na vioo vimeenea, hasa katika Mji wa Serikali wa Mtumba. Ukuta laini humnyima papasi maficho, lakini huwanyima pia viumbe wenye manufaa. Je, tuvike majengo haya mimea?

Naam, lakini tusiige kila tunachokiona ng'ambo. Ukuta mashuhuri wa Patrick Blanc katika jumba la makumbusho la Quai Branly, Paris, hauna udongo. Mimea yake imeshika mizizi katika kitambaa kinacholoweshwa kwa mitambo. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jiji hutegemea sana visima vya Makutupora, na kumbukumbu za miaka 55 zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi huko hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno. Ukuta wa pampu utakunywa akiba hiyo. Na pampu ikiharibika mwezi Oktoba, mimea itakauka pamoja na wote waliohamia humo.

Hatuna budi kuchagua mimea itambaayo, yenye mizizi ardhini, ikipandishwa kwenye nyaya zilizotengwa kidogo na ukuta. Jamii ya Cissus, ndugu wa mzabibu, huota yenyewe katika vichaka vyetu, na baadhi yake huhifadhi maji katika mashina manene. Maua yake madogo huwalisha nyigu na nyuki. Majani yake huwahifadhi buibui na mbawakavu, ambao wengi wao hula wadudu waharibifu wa bustani. Maji yaliyokwisha kunawiwa yanaweza kuikuza ingali michanga. Nyuma yake, ukuta usiwe na nyufa, wala pasituame maji, ili papasi na mbu wasipate nafasi.

Wapo watakaosema kwamba wadudu mahali pao ni porini. Lakini pori ndilo tunalolifyeka ili tujenge. Wanyama wakubwa tumewatengea hifadhi. Hawa wadogo, wanaotufanyia kazi bila ujira, hawana msemaji. Basi wasanifu majengo na wataalamu wa viumbe wakutane kabla ramani hazijapitishwa, kwani mzizi hauna pa kuingia pakishamwagwa zege.