Mchezo wa Skii Wakati wa Joto: Je, Unafaa Kunusuriwa?

Mwezi wa Julai, jua la Ulaya linapokuwa kali na wakulima wa mabondeni wakikata majani ya mifugo, wapo watu wanaopandishwa hadi vilele vya milima ya Alps kwa magari yanayoning'inia kwenye kamba za chuma. Huko juu huvaa mbao mbili nyembamba miguuni, au husimama juu ya ubao mmoja mpana, wakateleza juu ya theluji tangu alfajiri hadi karibu na adhuhuri. Jambo hili huwezekana kwa sababu moja tu: juu ya milima hiyo iko mito ya barafu, yaani barafu nene iliyorundikana kwa karne nyingi, nayo hutambaa polepole kuelekea chini kwa uzito wake yenyewe. Huko Hintertux, nchini Austria, wachezaji hufika kimo cha meta 3,250. Huko Zermatt, nchini Uswisi, hufikishwa meta 3,883. Timu za taifa za nchi kadhaa hufanya mazoezi katika sehemu hizo kabla ya msimu wa mashindano kuanza mwishoni mwa Oktoba.

Sehemu za namna hiyo zilikuwa nyingi katika miaka ya 1970 na 1980. Leo zimebaki chache. Tignes, nchini Ufaransa, ambako zamani watu waliteleza miezi yote kumi na miwili, haiwezi tena kufanya hivyo. Mwaka 2022 Les Deux Alpes ilifunga njia zake za majira ya joto tarehe 10 Julai, na mwisho wa mwezi huo huo hata Zermatt ikalazimika kusimamisha mchezo kwa muda.

Yafaa kueleza kwanza sababu, maana wako wanaowalaumu wachezaji. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo katika nyuzi 0 kwahitaji kilojouli 334 za joto. Joto hilo hilo lingetosha kuyapandisha maji ya kilo moja kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Kwa hiyo barafu si kitu chepesi kuyeyuka, na mlinzi wake mkuu ni theluji ya majira ya baridi inayoifunika. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Barafu tupu hurudisha nusu ya kiasi hicho au pungufu. Siku theluji inapokwisha na barafu kubaki wazi, mizania hugeuka ghafla. Mwezi wa Machi 2022 pepo zilibeba vumbi la jangwa la Sahara hadi Alps, likaitia theluji rangi ya hudhurungi. Majira ya joto yaliyofuata yakawa makali. Mito ya barafu ya Uswisi ilipoteza asilimia 6 ya ujazo wake mwaka huo, na asilimia 4 nyingine mwaka 2023. Kwa miaka miwili ilipotea barafu sawa na iliyopotea kati ya 1960 na 1990.

Mchezaji wa skii, basi, si mwuaji wa barafu. Theluji iliyoshindiliwa na mashine kwenye njia za mchezo hata hukawia kuyeyuka. Kosa liko kwingine, nalo ni katika madai ya wenye viwanja kwamba wanaiokoa barafu.

Madai hayo hutegemea vitambaa vyeupe vya nyuzi za plastiki ambavyo hutandazwa juu ya barafu tangu mwisho wa majira ya baridi. Karibu na Andermatt kazi hii ilianza mwaka 2005. Kitambaa kinafanya kazi, wala haifai kukana: chini yake uyeyukaji hupungua kwa zaidi ya nusu. Lakini nchini Uswisi eneo linalofunikwa ni kama asilimia 0.02 tu ya barafu yote, na kuifunika yote kungegharimu zaidi ya faranga bilioni moja kila mwaka. Aidha, nyuzi za vitambaa huchakaa na kuchukuliwa na maji. Kinachonusuriwa ni mguu wa nguzo na mwanzo wa njia ya mchezo. Hiyo ni matengenezo ya kiwanja cha biashara, na mwenye kiwanja ana haki ya kukitengeneza. Ila asiyaite hifadhi ya maumbile.

Huko Zermatt mambo yalikwenda mbali zaidi. Ilitakiwa yafanyike mashindano ya kombe la dunia ya kuteremka kutoka Uswisi hadi Italia. Mwaka 2022 yalifutwa kwa uhaba wa theluji. Mwaka 2023 yaliletwa matingatinga kuchimba barafu ili kuziba nyufa, hata serikali ya jimbo ikaamuru kazi isimame mahali palipokuwa nje ya eneo lililoruhusiwa. Novemba ilipofika, mashindano yakafutwa tena, safari hii kwa theluji nyingi na upepo mkali! Ni vigumu kuona ni manufaa gani yaliyopatikana kwa kuchimba barafu ya kale kwa ajili ya siku chache za mbio.

Watetezi husema kwamba vijiji vya milimani vinaishi kwa wageni, na hoja hiyo ni nzito. Kijana anayeendesha gari la kamba hana kiwanda cha kuhamia. Hata hivyo iko njia ya kadiri. Mjini Davos theluji ya majira ya baridi hurundikwa, ikafunikwa kwa unga wa mbao wakati wote wa joto, kisha ikatandazwa Oktoba kuwa njia ya skii za masafa marefu. Mvuvi wa pwani anayefunika barafu yake kwa magunia ataelewa mara moja. Kazi hii haigusi mto wa barafu wala haidai kuuponya. Vijiji vingeanza kuzoea biashara ya namna hiyo sasa, wakati fedha ingalipo. Nchini Bolivia hawakupata nafasi hiyo: mto wa barafu wa Chacaltaya, uliokuwa kiwanja cha skii katika kimo cha zaidi ya meta 5,000, ulitoweka kabisa mwaka 2009.

Walimu wanaweza kulipima jambo hili bila mlima. Yatwaliwe mabonge mawili ya barafu yenye uzito sawa, kila moja juu ya faneli na chupa, yawekwe juani. Moja lifunikwe kwa kitambaa cheupe kizito. Maji yapimwe kila baada ya dakika kumi na kuchorwa kwenye grafu. Bonge lililofunikwa litachelewa sana. Kisha jaribio lirudiwe kivulini, mahali penye hewa ya joto, na wanafunzi waangalie jinsi mistari miwili ya grafu inavyokaribiana, na jinsi chupa zote mbili zinavyojaa mwishoni.