Mzigo Usioonekana

Mchukuzi akipita njiani na gunia la makaa mgongoni, kila mtu humhurumia, na mwenye moyo mwema humsaidia kulitua. Lakini uko mzigo mwingine ambao watu wengi wa Bukavu huuchukua kazini, wala hakuna anayeuona. Mzigo huo hukaa moyoni.

Tuwatazame watumishi wa hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Wanawake maelfu na maelfu waliobakwa wakati wa vita wametunzwa humo. Kila mmoja ana habari yake ya kusimulia, na lazima awepo mtu wa kuisikiliza. Mwuguzi husikia ya huyu asubuhi, ya yule mchana, na jioni arudi nyumbani kupika na kulea watoto. Tena wenyewe hawakuwa mbali na msiba: mwezi wa Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, alikokuwa daktari huyo zamani, ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa.

Waganga wametambua kwamba anayesikiliza mateso ya wengine siku zote aweza kupatwa na dalili zile zile za aliyeteswa: ndoto za kutisha, usingizi kukatika, hasira za ghafula, au moyo kufa ganzi. Jirani wakimwona hivyo, husema, "Amekuwa mvivu," au, "Amerogwa." Sivyo. Amechoka moyo, kama vile mchukuzi anavyochoka mgongo.

Wala jambo hili si la wauguzi peke yao. Mwezi wa Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, benki zilifungwa, na wengi walitaabika kuipata mishahara yao. Mwalimu asiyejua watoto wake watakula nini jioni atafundishaje kwa utulivu? Shirika la Afya la Dunia limehesabu kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya huzuni kuu na wasiwasi. Basi, hata mwenye kazi hupata hasara.

Tufanye nini? Ninyi mlio wakubwa wa kazi, gawanyeni kazi nzito kwa zamu, isimwelemee mtu mmoja kila siku. Wapeni watumishi wenu mapumziko ya kweli, na saa moja ya kuzungumza pamoja juu ya yaliyowalemea. Tena msimcheke wala msimwadhibu aliyesema. Ninyi wafanyakazi, msiufunike uchovu kwa pombe, kwani pombe hukificha kidonda bila kukiponya. Tafuteni mtu mwaminifu, mkamwambie. Nanyi mlio nyumbani, mpokeeni kwa upole arudiye kimya.

Na dalili zisipoisha, yafaa kwenda kwa waganga. Mjini mwetu iko SOSAME, nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili. Si aibu kubisha hodi huko, kama si aibu kutibiwa malaria. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Leo, basi, kila mmoja wetu amtazame mwenzake wa kazi na kumwuliza kwa kweli, "Habari ya moyo?" Kisha angoje jibu.