Acheni kumwambia "vumilia"

Vijana wenzangu, leo sinyamazi. Rafiki yetu yule mchoraji, aliyetoka hapa Nakivale akapata nafasi kwenye kampuni ya matangazo Kampala, aliandika kwenye grupu kwamba amechoka. Anatoka ofisini saa sita usiku. Jumapili anaitwa. Bosi akibadili mawazo usiku, kazi inaanza upya. Mshahara? Eti bado yuko kwenye majaribio. Mkamjibu nini? Vumilia ndugu, kuna mia wanaitaka hiyo nafasi.

Avumilie mpaka wapi?

Japani kuna kampuni kubwa ya matangazo, Dentsu. Ilikuwa na amri zake 10 tangu 1951, mojawapo inasema ukishashika kazi usiiachilie hata ukiuawa. Aprili 2015 wakaajiri msichana aliyesoma Chuo Kikuu cha Tokyo, na hicho siyo chuo cha mchezo. Saa zake za ziada zikapita 100 kwa mwezi. Siku ya Krismasi mwaka huo huo akajiua, ana miaka 24. Mama yake akapigania mpaka ukweli ukatoka. Mwaka 2017 mahakama ikaitoza kampuni faini ya yeni 500,000, haifiki hata dola 5,000! Na 1991 kijana mwingine wa kampuni ile ile, naye miaka 24, alikuwa ameshakufa hivyo hivyo. Wajapani wana neno lake kabisa: karoshi, kufa kwa kazi.

Mtasema mkimbizi hana cha kuchagua. Hapo ndipo nakasirika. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inasema saa 48 kwa wiki, za ziada zilipwe. Haikuandikwa "isipokuwa Mkongomani". Bosi anajua hatujaisoma, ndiyo maana anatupenda. Mimi hapa kituoni najitolea, silipwi, lakini nilichagua mwenyewe na jioni nafunga mlango. Yeye aliahidiwa mshahara.

Nimemwambia aandike kwenye daftari saa ya kuingia na ya kutoka, kila siku, apeleke kwa afisa wa kazi. Akiogopa, arudi, godoro lipo kwangu. Na wewe uliyeandika "vumilia" mara tatu na vidole gumba juu, mpigie leo usiku. Atakuwa bado ofisini.